Mfungwa Mgonjwa wa Akili: Akidai Dawa, Anakosea?



Huenda mama mmoja wa Kalemie akasema: «Mimi sikuiba wala sikuua, na dawa ya kifafa ya mtoto wangu ninainunua kwa feza ya ndagala. Kwa nini mtu wa buloko adai dawa bure?» Neno hili si la kijinga. Tulipime.

Mama huyu akikosa feza, anaweza kulima, kukopa kwa jirani, kubeba mtoto mpaka hospitali. Mfungwa hana hata njia moja ya hizo. Aliyefunga mlango ameshika miguu na mikono yake. Basi dawa ambayo angejitafutia, sasa iko juu ya mwenye ufunguo. Si zawadi, ni deni.

Tena mwenye kosa alihukumiwa miaka, hakuhukumiwa wazimu. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafula, kuanguka kunaweza kurudi kwa nguvu. Mwenye kusikia sauti akikosa dawa yake, anaweza kupiga kelele na kukataa amri. Mlinzi anaona ukaidi, anaadhibu, kumbe ni ugonjwa. Hiyo ni hukumu ya pili ambayo hakuna mwamuzi aliyeitoa.

Sheria nayo inakubali. Katiba ya inchi yetu ya 2006, kifungu cha 18, inaagiza kila mfungwa atunzwe kwa namna inayolinda uzima wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Mwaka 1998 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliona Nigeria ina kosa, kwa kuwa Ken Saro-Wiwa, aliyenyongwa 1995, alinyimwa matunzo ya mganga alipokuwa kifungoni. Nazo Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, zinataka mfungwa apate matunzo sawa na watu wa nje, bila kulipa.

Wengine watasema: «Kudai kwa sheria ni upungufu wa imani.» Lakini Paulo aliomba na kuimba usiku katika gereza la Filipi, na asubuhi akadai haki yake ya Mrumi (Matendo 16). Alipopelekwa Roma, akida Yulio alimruhusu kule Sidoni aende kwa rafiki zake apate kutunzwa (Matendo 27:3). Maombi na haki havikugombana.

Sisi wa makanisa ya manabii tusisahau: Simon Kimbangu alifungwa 1921, akafa mfungwa kule Elisabethville 1951. Tutawezaje kudharau mtu kwa sababu yuko gerezani?

Lakini mgonjwa wa akili mara nyingi hawezi kujitetea. Kwa hiyo tunapopeleka chakula gerezani, tuulize habari za yule asiyesema na yule anayesema peke yake. Tujue jina la dawa yake kwa jamaa zake, tulifikishe kwa mkubwa wa gereza, na kwa parke kama halisikiwi. Wala mtu wetu asimwambie mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameombewa. Tukifanya hivyo, sisi nasi tumemnyima.

Bwana awafungue waliofungwa, na atupe mioyo isiyofungwa. Amina.