Umbo Lisilo na Mchongaji: Fuwele za Shabu na Swali la Kusudi

Shabu, yaani ile chumvi nyeupe ambayo vinyozi huipaka mahali wembe ulipokwaruza, humfaa sana mzazi au mwalimu anayetaka kuwaonyesha watoto jinsi fuwele inavyokua, fuwele ikiwa ni kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu mmoja unaojirudia kila upande. Huyeyushwa katika maji ya moto mpaka maji yasiweze kupokea zaidi. Yakipoa, uwezo wao wa kuibeba hupungua sana, na ile iliyozidi haina budi kutoka. Punje ndogo iliyofungwa kwa uzi na kuning'inizwa ndani ya glasi, nayo huitwa mbegu, huipokea ziada hiyo, na baada ya siku kadhaa huwa imepata nyuso nane za pembetatu, nyoofu na ang'avu kana kwamba zimekatwa na sonara. Chumvi ya jikoni haikubali njia hiyo, kwa kuwa maji ya moto huibeba kwa kiasi kisichozidi sana kile cha maji ya baridi, ambacho ni takriban gramu 36 katika mililita 100. Yenyewe hungoja maji yakauke polepole ndipo itoe michemraba yake.

Mtoto anayeuliza ni nani aliyezichonga nyuso hizo huwa amegusa mjadala mkongwe. Aristotle alifundisha kwamba kitu huelezwa kikamilifu kwa sababu nne: maada yake, umbo lake, kilichokifanya kiwe, na kusudi lake. Katika glasi sababu tatu za mwanzo zaonekana bila taabu, lakini ya nne haipatikani, kwani nyuso nane haziisaidii shabu kwa lolote. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, alizitaja fuwele kwa sababu hiyohiyo: zaonyesha kwamba maumbile yaweza kuzaa umbo la kupendeza kwa kufuata kanuni zake tu, bila ya uzuri huo kuwa umekusudiwa.

Wako wanaoharakisha kuhitimisha kwamba, basi, ulimwengu hauna mwenye kusudi. Hitimisho hilo linazidi ushahidi, na mfano wa Nicolaus Steno watosha kulitilia shaka. Mdenmaki huyo alichapisha mwaka 1669 maelezo kwamba fuwele haikui kwa chakula cha ndani, kama mmea ukuavyo, bali kwa chembe zinazotoka katika kimiminika na kujibandika juu ya nyuso zake. Aliona pia, katika fuwele za mawe, kwamba ukubwa wa nyuso hutofautiana lakini pembe kati yake hazibadiliki. Jambo hilo laweza kuthibitishwa nyumbani, maana fuwele iliyokua ikiwa imelala chini ya glasi huwa bapa, upande mmoja umepungukiwa, na bado pembe zake ni zilezile za iliyoning'inia. Steno, aliyemwondolea mchongaji kazi yote ya mkono, ndiye huyohuyo aliyepata upadri mwaka 1675 na uaskofu mwaka 1677.

Swali, kwa hiyo, halikuwa kamwe juu ya umbo peke yake. Uzito wake hasa uko katika kujirudia kwa umbo. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba kati ya sababu na tokeo hakuna ulazima wowote, ila ni mazoea ambayo Mungu ameyajaalia. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, akamjibu kwamba anayekanusha sababu huikanusha elimu yenyewe. Miale ya eksirei, ambayo tangu majaribio ya mwaka 1912 imefichua mpangilio wa chembe ndani ya fuwele, imeeleza kwa nini pembe hazibadiliki, lakini imeusogeza ubishi hatua moja nyuma tu, kwani sasa yaulizwa kwa nini chembe nazo hutii. Na katika jaribio lenyewe wawili hao wasingetofautiana hata kidogo: al-Ghazali naye angeitia shabu katika maji ya moto na kutarajia nyuso nane, akikataa tu kwamba nyuso hizo zinatokana na uwezo wa shabu yenyewe.