Neno Lisilo na Mwenyewe

Katika habari zinenwazo sana siku hizi mojawapo ni habari ya mashine ziitwazo akili bandia, au akili mnemba kama wengine wasemavyo. Wengi wauliza, Je, mashine hizi zitatunyang'anya kazi? Zitatupita kwa elimu? Maswali hayo ni mema. Lakini leo twataka kuuliza jingine, lililotufikia sisi wenyewe kwa njia ya aibu: Neno lililotungwa na mashine, mwenyewe ni nani?

Asili yake ni hii. Tulialikwa kunena katika mkutano wa watu wa mashine hizo, mafundi na wafanya biashara na watu wa serikali, ili tuwaeleze jinsi mwalimu wa shamba ayaonavyo mambo yao. Tukashikwa na hofu, maana wasikilizaji walikuwa wenye elimu kubwa kuliko yetu. Basi usiku wa kuamkia mkutano tukaitaka mashine yenyewe itusaidie kuitengeneza hotuba. Ikatusaidia upesi, tena ikaongeza methali, ikisema ni ya wazee wa kwetu: Aogopaye jembe jipya atalima kwa kucha. Methali hiyo hatukupata kuisikia tangu kuzaliwa kwetu. Lakini ilipendeza, nasi tukaiacha.

Kesho yake tukaisoma, watu wakacheka na kupiga makofi. Ulipofika wakati wa maswali akasimama mzee mmoja wa kwetu, akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi nimekua katika vijiji vile vile ulivyokulia wewe. Methali ile uliisikia kwa nani?" Tukajibu, "Mzee wangu, ni maneno ya wazee, yamezoeleka." Yule mzee akaitikia kwa kichwa, akaketi, asinene tena. Makofi tumeyasahau, lakini kuketi kwake hatujakusahau.

Tuliporudi nyumbani moyo wetu ulitafuta wa kumlaumu, na kwanza ukailaumu mashine, kwamba imetudanganya. Lakini tulipofikiri vema tuliona shitaka hilo halisimami. Mtakatifu Agostino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kitabu kizima juu ya uongo yapata mwaka 395. Afundisha ya kuwa mtu aweza kunena lisilo kweli huku akiliamini, naye si mwongo, bali amekosea tu. Mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni na jingine kinywani, naye akusudia kudanganya.

Sasa mashine hii ina nini moyoni? Na tuitazame kazi yake. Imepitishwa katika maandishi mengi mno, vitabu na magazeti na barua, hata ikashika ni maneno gani hufuatana. Ikiulizwa hukadiria neno lielekealo kufuata, kisha jingine, kama mtu atungaye ushanga kwa kuandama mifano aliyoiona. Ikitunga lililo kweli au lisilo kweli, kazi ni ile ile. Haikutoa ahadi kwa mtu, wala haioni haya ikikosea. Basi mashine haikusema uongo. Ilitunga neno lisilo na mwenyewe. Uongo ulikuwa wetu. Ulianza tulipolisoma kana kwamba twalijua, ukakomaa katika jibu tulilompa mzee.

Wala aibu hii haikutupata sisi peke yetu. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York, katika Marekani, walipeleka mahakamani karatasi yenye kutaja hukumu za kesi za zamani, na baadhi ya kesi hizo hazikuwako kamwe, zilitungwa na mashine. Jaji aliwatoza, wao pamoja na ofisi yao, dola 5,000. Alieleza kwamba kutumia chombo cha kusaidia si kosa; kosa lao ni kuuacha wajibu wao, na kuendelea kuzitetea kesi zile hata baada ya kuulizwa. Tena Februari 2024, huko British Columbia katika Kanada, liliamuliwa shauri la msafiri aliyefiwa na bibi yake, ambaye mashine ya kujibu maswali ya shirika la ndege la Air Canada ilimpa habari za nauli zisizo sahihi. Shirika lilijitetea kana kwamba mashine ile yajitegemea na yajibu kwa matendo yake yenyewe. Utetezi huo ulikataliwa, na shirika likaamriwa kumlipa.

Labda mtu atasema, Mbona sote twatumia maneno tusiyoyatunga? Naam, ni kweli. Mama asiyejua kuandika humwendea karani amwandikie barua kwa mwanawe aliye mbali. Maneno huyapanga karani. Lakini kabla ya kuifunga humwambia, "Nisomee." Husikiliza, husema, "Hapa sivyo, futa," na mwisho hutia dole gumba. Tangu hapo barua ni yake, na mwanawe akija kumwuliza, hatamtaja karani. Hivi ndivyo ilivyo halali kuitumia mashine. Inaweza kuwa karani mwepesi sana, lakini haina dole gumba. Sisi tulitia dole letu kabla ya kusomewa barua.

Tulimwandikia mzee yule, tukaungama. Akajibu kwamba methali yenyewe si mbaya, ila tusiwatwike wazee mzigo wasioufunga.

Basi, ndugu zangu, mashine hizi zimekwisha kuingia katika simu za vijana wetu, na kesho mtoto ataleta insha, na mhubiri ataleta mahubiri, na jirani ataleta barua ya kumfariji mfiwa, zote zimetungwa kwa nusu saa. Tusianze kwa kuuliza, Je, yamepangwa vizuri? Kupangwa vizuri sasa ni rahisi. Tuulize kama alivyouliza mzee, Umelipata kwa nani? Na kama ni sisi tuulizwao, tusione haya kujibu, Sijui, ngoja nikatafute. Jibu hilo tungalimpa mzee siku ile, aibu yetu ingalikuwa ndogo. Kwa maana tumefundishwa ya kuwa iko siku ya kutoa hesabu ya maneno, na siku hiyo watakaoitwa ni wenye kinywa na moyo.