Pesa Iliyorudi Ndani ya Gunia

Somo: Mwanzo 42:25-28 na 43:1-23



Majuma matatu yaliyopita kijana wetu mmoja alisimama hapa mbele na ushuhuda. Aliacha kozi yake ya diploma mwezi wa Januari kwa sababu mambo ya nyumbani yalikuwa magumu. Juzi chuo kikampigia simu: akaunti yake ya karo ina salio la shilingi 14,000, atume nambari arudishiwe. Pesa ikaingia. Tulipiga makofi, na mimi mchungaji wenu ndiye niliyepaza sauti kuliko wote: "Huyo ni Mungu!"

Jumatano akaja ofisini uso umeanguka. "Pasta, ile pesa haikutoka kwetu. Ni cheki ya basari ya CDF. Ilifika chuoni kama mimi nimeshatoka." Nikanyamaza. Nilikuwa nimesema Amina kabla ya kuuliza pesa imetoka wapi. Kwa ruhusa yake nawaambia haya, na kwa hilo naomba kanisa msamaha.

Sasa tuangalie Neno. Wana wa Yakobo wametoka Misri na nafaka. Njiani mmoja anafungua gunia alishe punda, anakuta pesa yake iko pale pale juu. Je, aliimba sifa? Hapana. Walitetemeka wote. Walijua pesa ile ilikuwa imelipwa tayari, haikuwa yao tena.

Na kumbuka, nyumbani kulikuwa na njaa kali. Kama kuna familia ilikuwa na kisingizio cha kukalia pesa, ni hiyo. Lakini mzee Yakobo akawaambia wabebe pesa mara mbili: ya kununua chakula kipya, na ile iliyorudi, maana huenda kulitokea kosa. Mpendwa, mzee yule hakuona kosa la mtu mwingine kama mali yake.

Mtu ataniambia, "Lakini Pasta, msimamizi wa nyumba ya Yusufu si aliwaambia Mungu ndiye aliyewapa hazina ile?" Ndiyo, alisema. Lakini angalia alisema lini. Aliwaambia wakiwa mlangoni, pesa wameileta. Na aliyesema ni yule aliyekuwa na haki ya kuidai. Mwenye pesa ndiye anaweza kuiita zawadi. Anayeikalia hana ruhusa hiyo, hata akisema kwa lugha ya ushuhuda.

Wengine wanasema, "Hiyo ni pesa ya serikali, haina mwenyewe." Inaye. Pesa ya basari ya eneo bunge au ya kaunti hugawanywa na kamati, na haijawahi kutosha. Cheki huandikwa kwa jina la shule kwa sababu ni ya kusomesha. Ukiacha masomo, kazi yake kwako imeisha. Kuna mtoto wa jirani aliyejaza fomu ile ile, akakosa, na wiki hii amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Huyo ndiye mwenyewe.

Basi kama limekupata, fanya hivi. Usiguse kilichobaki. Nenda kwa mhasibu wa chuo uombe barua inayoonyesha tarehe uliyotoka na kiasi ulichorudishiwa. Peleka barua hiyo kwa ofisi iliyotoa basari, useme ukweli wote, uulize irudishwe kwa njia gani. Kama umeshatumia, omba kulipa kidogo kidogo na mwandikiane. Usitume kwa simu ya mtu binafsi, hata akikuambia ni ya afisa. Dai risiti. Na wewe uliyechukua HELB, ule ni mkopo. Ukiacha kozi waambie mapema, usibadilishe laini ya simu ukidhani deni litakusahau. Deni halisahau, linazaa.

Kijana wetu alikuwa amebaki na 5,000. Zile 9,000 zilikwenda kwa kodi ya nyumba na dawa ya mama yake. Jumatatu alibeba barua yake mpaka ofisini, mzee mmoja wa kanisa akamsindikiza. Wakamwambia angoje kamati ikae. Bado hajajibiwa. Sitawadanganya kwamba mambo yamekwisha, wala kwamba lazima watamsamehe. Lakini ameniambia usiku huo alilala.

Mimi nilipiga makofi, kwa hivyo mimi natoa 2,000 za kwanza. Nawe uliyepiga makofi pamoja nami, tuonane baada ya ibada.

Jambo la mwisho, usilikose. Katika sura ya 43, baada ya ndugu kueleza habari ya pesa, ndipo Simeoni, ndugu yao aliyeshikwa Misri, alitolewa nje kwao. Gunia lililofunguliwa mlangoni lilikutana na mlango wa kifungo ukifunguliwa. Labda kuna kitu chako kimefungwa, na funguo iko kwenye gunia unaloogopa kufungua.

Tuombe: Baba, tupe moyo wa kuuliza pesa imetoka wapi kabla ya kukushukuru kwa ajili yake. Mkumbuke kijana huyu na mama yake. Mkumbuke na yule mtoto aliyekosa. Katika jina la Yesu, Amina.