Shukrani ya Aliyepona

Somo: Matendo ya Mitume 28:1–10



Mkristo akipona baada ya ajali mbaya, desturi yetu ni kuleta sadaka ya shukrani kanisani. Husimama mbele, akaeleza yaliyompata, nasi sote tukamwimbia Bwana pamoja naye. Desturi hii ni njema, tusiiache. Lakini yatupasa kujiuliza: shukrani hiyo imfikie nani, tena itolewe kwa maneno gani?

Tutazame habari za Mtume Paulo. Merikebu ilivunjika penye kisiwa cha Malta, na watu 276 wakafika pwani salama, wamelowa na kutetemeka. Wenyeji hawakuwajua wageni hao. Hata hivyo waliwasha moto wakawakaribisha wote, kwa maana mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwa kali. Sisi wa Ufipa tunaijua baridi ya Juni na Julai, na moto ule tunauelewa.

Paulo alikuwa amekwisha kuambiwa na malaika kwamba Mungu atawaokoa wote waliosafiri naye. Angaliweza kusema kwamba Mungu ndiye aliyetenda, basi yatosha. Lakini habari za moto ule zimeandikwa katika Maandiko Matakatifu, pamoja na jina la Publio aliyewapa malazi siku tatu. Kumtukuza Mungu hakukuzuia wanadamu kutajwa. Tena Paulo aliingia kwa baba yake Publio aliyekuwa mgonjwa, akamwombea, akapona.

Katika nchi yetu pia tumeona jambo la namna hii. Jumamosi tarehe 6 Mei, 2017, basi la wanafunzi wa shule ya msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia bondeni huko Karatu. Watu 35 walifariki: wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto 3 walitolewa wakiwa hai, wameumia vibaya sana. Wamarekani wa shirika moja la Kikristo waliokuwa wakipita njia ile walisimama wakawahudumia. Baadaye watoto hao walisafirishwa kwa msaada wa shirika la Samaritan's Purse mpaka mji wa Sioux City, Iowa, Marekani. Walitibiwa huko, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule wakarudi nyumbani. Hesabuni mikono iliyowashika, tangu bondeni, hospitalini Arusha, ndani ya ndege, mpaka chumba cha upasuaji. Rehema ya Mungu ilipita katika mikono hiyo yote.

Lakini siku zile zile wazazi wengine walikuwa wakizika. Je, tungethubutu kuwaambia kwamba Mungu aliwapenda wale watatu kuliko watoto wao? Hasha! Bwana Yesu alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Basi na aliyepona asidhani amepona kwa kuwa ni mwema kuliko aliyekufa.

Kwa hiyo, ndugu uliyepona, unapotoa ushuhuda kanisani, kumbuka kwamba pale kwenye benchi ameketi mjane ambaye mumewe hakurudi kutoka safarini. Yeye naye aliomba. Mshukuru Mungu kwa ulichopewa, wala usijilinganishe na mtu. Na ibada ikiisha, nenda ukamsalimu mama huyo kabla ya kupokea pongezi za wengine.

Kisha rudi kwa watu. Maumivu yakiisha tunasahau upesi. Wale wakoma kumi walitakaswa wote, akarudi mmoja tu. Yuko aliyekubeba, yuko aliyekuletea uji wodini kila asubuhi, yuko jirani aliyepalilia mahindi yako ulipokuwa kitandani, na mama aliyewalaza watoto wako nyumbani kwake. Nenda kwa kila mmoja kwa miguu yako ileile aliyokuombea, ukamwambie, “Nimekumbuka ulichonitendea.” Hahitaji zawadi. Wengi wao hawajui hata kidogo kwamba waliokoa kitu.

Wako na wengine usioweza kuwafikia, kama yule aliyetoa damu uliyoongezewa. Jina lake hulijui, wala yeye halijui lako. Deni la mtu huyo hulipwa kwa mwingine. Ukiwa mzima, na daktari akikuruhusu, toa damu nawe. Ukiwa huwezi, basi mpelekee uji mgonjwa asiye na ndugu hapa mjini, au shika jembe katika shamba la jirani aliyelala. Hivyo moto uliowashiwa wewe utampasha mwingine joto.

Nanyi mliotenda wema bila kushukuriwa, msikate tamaa. Bwana aliyeuliza wako wapi wale tisa huwaona pia wanaohudumu kimya.

Ee Mungu wetu, utupe moyo wa kukumbuka, na ulimi usiomwumiza aliyefiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.