Ligeuze Jani Kwanza

Mjukuu wangu, lishushe hilo bomba, ukae. Sikukatazi, kukataza kumenichosha. Ligeuze tu jani la muhogo kabla hujalipulizia.

Inzi weupe wanaoruka ukitikisa shina ndio unaowaona. Watoto wao wamejibandika chini ya jani, hawabanduki, wananyonya, na dawa unayoimwaga kwa juu haiwafikii. Sasa tazama magamba makavu ya watoto hao. Lenye mpasuko, humo ametoka inzi. Lenye kitundu cha duara, aliyetoka ni nyigu. Hafiki hata milimita moja, wala haumi mtu. Hutaga yai ndani ya tunutu wa inzi, au chini ya tumbo lake. Buu likianguliwa linamla taratibu kwa ndani angali hai. Ni ukatili, naam, ila haukugharimu shilingi.

Ukipuliza, nyigu anayezunguka jani akitafuta pa kutaga ndiye anayetangulia kufa. Inzi waliosalia, kwa joto letu hili, wiki tatu hivi wameshazaa kizazi kingine, na wa kuwala hayupo. Tena wanaosalia ndio waliokwisha kuizoea dawa. Basi utarudi dukani kuulizia iliyo kali zaidi. Wenzako nawaona wakirudi kila msimu.

Uingereza walianza vizuri. Mwaka 1926 mkulima aliona magamba meusi kwenye nyanya zake badala ya meupe, akawaonyesha wataalamu; ndani mlikuwa na nyigu. Kituo cha utafiti cha Cheshunt kikawafuga nyigu hao, kikawagawia wakulima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja dawa za viwandani, nyigu wakasahauliwa. Wadudu walipozizoea dawa, wakatafutwa tena. Sijui kwa nini nasi tuizunguke njia hiyohiyo.

Lakini usije ukasema babu alikuahidi makubwa. Ugonjwa wa batobato unaoenezwa na inzi hawa, ulioandikwa habari zake huko Usambara tangu 1894, nyigu hauponyi. Inzi wachache wenye virusi wanatosha kuambukiza shamba, na pingili yenye ugonjwa itaota na ugonjwa wake hata pasipo inzi. Kata mbegu kwenye mashina mazima, na yanayojikunja majani yang'oe mapema.

Na hayo majani ya chini uliyoyapukutisha, usiyachome leo. Magamba yaliyobadilika rangi yana nyigu ndani. Yaache kando ya shamba mpaka watoke, kisha uyafanye utakavyo.