Kitabu Alichoandikiwa Nero

Yapata mwaka 56 mwanafalsafa Seneca alimwandikia mwanafunzi wake kitabu kizima kuhusu huruma. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa Nero, Kaisari wa Roma, kijana asiyetimiza hata miaka ishirini. Alikuwa na nafasi ya kusoma, mwalimu bingwa, na kitabu kilichotungwa kwa ajili yake. Mwaka 59 aliamuru mama yake auawe. Mwaka 65 ikawa zamu ya mwalimu: akaamriwa ajiue.

Sisi tunaohimiza kusoma hatupendi kukigusa kisa hiki. Twawaambia vijana wasome wapate busara, kana kwamba busara imo kurasani kama sukari ndani ya chai. Nenda basi kwenye kikao cha mirathi. Mwenye digrii ndiye atakayemkatiza shangazi kabla hajamaliza neno la kwanza, amtajie vifungu vya sheria, kumbe shangazi alitaka tu kusema ni mnazi upi marehemu aliuweka kuwa mpaka. Kikao kinavunjika, watu wanakwenda mahakamani, na mnazi upo palepale.

Faida ya kusoma, kwa maoni yangu, ni kwamba kitabu hakikatiziki. Unaweza kukifunga, kukitupa hata, lakini ukitaka kukielewa huna budi kunyamaza mpaka mwenzio amalize hoja yake. Anayezoea adabu hiyo akiwa peke yake huenda akaibeba mpaka barazani. Huenda, nasema, kwa sababu kuna namna ya kusoma inayoiua adabu hiyohiyo: kusoma ili ujione umepatia.

Hapo nadhani Seneca naye ana lawama. Kitabu chake kinamsifu Nero kwamba mikono yake haina damu, ilhali Britannicus, ndugu yake wa kambo, alikwisha kufa mwaka 55, na wengi waliamini amelishwa sumu. Kijana alipewa kioo akajiona mzuri. Angejirekebisha kwa lipi? Wengi wetu twachagua vitabu hivyohivyo, vya kutuunga mkono, kisha twahesabu tumemaliza vingapi kwa mwaka. Seneca huyohuyo, uzeeni, alimshauri rafiki yake Lucilius ashikamane na waandishi wachache wazuri, asirukeruke. Ushauri huo naupokea, ila naongeza: mmoja wao awe yule anayekukera.

Basi asiyejua kusoma hana njia? Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, hakupata shule. Alikuwa akiuza vyungu kabla hajawa mwimbaji wa taarabu, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji, Kijiti mwenyewe, akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Huwezi kutunga hivyo bila kutega sikio mitaani, ukawaacha watu wamalize kisa chao, hata kile ambacho mahakama haikutaka kukisikia.

Shaaban Robert, karani wa forodha aliyeishi na kalamu mkononi hadi alipofariki mwaka 1962, alijua thamani ya maandishi kuliko wengi. Alipotafuta maisha ya kuandikia wasifu, hakwenda kwa gavana wala kwa mwanachuoni. Alimwandika Siti, muuza vyungu.