Sadaka au Deni?

Sisi watu wa pwani, ikitajwa Meru, wengi wetu hukumbuka miraa. Ikitajwa Embu, hukumbuka kahawa. Wachache ndio wakumbukao maji. Na hali mito itelemkayo mashariki ya Mlima Kenya, kama Kathita wa Meru na Rupingazi wa Embu, maji yake huishia katika Mto Tana, na Tana huja kumwaga baharini kwetu, Kipini. Basi linalowafika walio juu halikosi kutufikia tulio chini. Kwa hiyo tumeona yatupasa leo kuliuliza suali ambalo mataifa yamekuwa yakilikwepa kwa zaidi ya miaka 30: mtu aliyeharibikiwa na mabadiliko ya hali ya hewa, akipewa fedha na yule aliyeyasababisha, je, amepewa sadaka au amelipwa deni lake?

Wako watakaosema kuwa fedha ni fedha, na jina si kitu. Hatukubaliani nao. Sadaka, mtoaji ndiye achaguaye kiasi, na wakati, na wa kumpa. Na akiacha kutoa, hashitakiwi. Ama deni, kipimo chake ni khasara iliyotokea, na mwenye haki huidai kwa jina lake. Aliyepewa sadaka hushukuru. Aliyelipwa deni hutoa risiti.

Kwanza tutazame lililotokea. Mwishoni mwa karne ya 19 palihesabiwa mito ya barafu 18 juu ya Mlima Kenya. Leo iliyosalia ni michache mno, na ule uitwao Lewis ulipoteza kiasi cha sehemu 9 katika 10 za barafu yake baina ya 1934 na 2010. Hatusemi kwamba barafu ikiisha mito itakauka, kwani mito ile hulishwa zaidi na mvua na misitu. Barafu ni dalili, kama joto la mwili lilivyo dalili ya maradhi. Maradhi yenyewe yalionekana chini, katika nchi kavu za Mbeere na Meru ya Kaskazini, pale mvua zilipokosekana misimu 5 mfululizo, tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022. Katika Kenya nzima walikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Mwezi wa Aprili 2023 wataalamu wa World Weather Attribution walieleza kwamba joto lililoletwa na binadamu, kwa kukausha udongo na majani, liliufanya ukame wa namna ile uwe rahisi kutokea kwa mara 100 au zaidi.

Wala ilimu hii si ngeni. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikwisha kupiga hesabu ya namna hewa ya kaboni itokayo katika makaa ya mawe inavyozuia joto lisitoke duniani. Tangu 1958 hewa hiyo yapimwa Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii: wakati ule ilikuwa sehemu 315 katika milioni, na sasa yapita 420. Mlima Kenya nao una kituo chake cha kupima hewa tangu 1999. Na aliyeitoa ajulikana. Katika hewa ya kaboni yote iliyotokana na makaa na mafuta tangu viwanda vianze, karibu robo ni ya Marekani peke yake. Ilhali itokayo Kenya kwa mwaka haifiki sehemu 1 katika 1,000 ya ile ya dunia.

Mataifa yalipokutana Rio de Janeiro mwaka 1992 yalikiri kwamba wajibu ni wa wote lakini si sawasawa. Mwaka 2009, Copenhagen, matajiri waliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Ahadi ikatimia 2022, na sehemu kubwa yake ikawa ni mikopo. Yaani mtu amekubomolea nyumba, kisha akukopesha fedha za kuijenga! Paris, mwaka 2015, waliandika wazi kuwa kifungu kinachotaja khasara hakimfanyi mtu yeyote awe na dhamana wala fidia. Mfuko wa khasara ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, na Dubai, mwaka 2023, ahadi zake zikafika kiasi cha dola milioni 700. Katika hizo Marekani iliahidi milioni 17.5, na mwaka 2025 ikajitoa katika bodi ya mfuko huo. Hayo ndiyo matunda ya sadaka: mtoaji hutoa apendavyo, na huondoka apendapo.

Hoja za wakanushao deni ni mbili. Ya kwanza wasema: wazee wetu hawakujua. Twajibu kwamba wanazuoni wetu hutenganisha baina ya dhambi na dhamana. Mtu aliyejikwaa akavunja mtungi wa jirani hana dhambi, kwani hakukusudia. Walakini thamani ya mtungi imo shingoni mwake. Kutojua huondoa lawama, hakuondoi malipo. Na tangu 1992 hata huko kutojua hakuko tena.

Ya pili wasema: waliofanya hayo wengi wamekwisha kufa. Twajibu kwamba mali ya maiti haigawiwi warithi mpaka deni lake lilipwe. Reli, viwanda na mabenki ya nchi zile ni urithi uliotokana na makaa. Haiwi haki mrithi aichukue nyumba, akalikataa deni lililoijenga.

Na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilitoa rai iliyo karibu na hayo: kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kuzuia madhara haya, na nchi iliyovunja wajibu huo yaweza kulazimika kulipa khasara. Rai hiyo si hukumu ya kushurutisha, lakini neno lililokimbiwa Paris sasa limetamkwa.

Walakini tusijione wasafi. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya liliutazama kwa ndege Mlima Kenya na msitu wa Imenti ulioko Meru, zikaonekana tanuri za makaa, miti iliyokatwa, na mashamba ya bangi ndani ya msitu. Waliokata hawakutoka London. Na sisi wa pwani, mikoko yetu ni nani aikatayo? Kosa letu halilifuti deni lao, kwani kila mmoja hudaiwa alilolivunja yeye. Lakini mdai avunjaye mitungi yake kwa mkono wake mwenyewe, huidhoofisha hoja yake mbele ya kadhi.

Tena serikali inayopokea fedha hizi si mwenye mali, ni wakili. Mali ni ya mkulima wa Embu ambaye mahindi yake yalikauka, na ya mfugaji wa Meru ambaye mbuzi wake walikufa. Wakili akila sadaka amefanya ubaya. Akila deni la wenye njaa, ameiba mara mbili, kwani amemnyima mdai haki yake na amempa mdaiwa udhuru wa kutolipa tena.

Basi twawasihi ndugu zetu, khasa wenye kuhutubu na kufundisha, waache kulizungumza jambo hili kwa lugha ya huruma. Huruma ni njema, lakini aliyetoa sadaka huku anadaiwa, deni lake liko palepale. Wazee wetu wamesema dawa ya deni kulipa. Na mdai asijifanye mwombaji mlangoni pa mdaiwa wake: abishe, ataje hesabu yake kwa adabu, na asiondoke.